Zamu ya Kumwombea Aliyekataa Kuombewa

Benchi lililoko mbele ya duka la fundi redio lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali huwa mbishi kuliko wenzake. Asubuhi hiyo walikuwapo wale wa siku zote. Jaji, karani mstaafu wa mahakama, ambaye maisha yake yote hajawahi kuhukumu hata kuku. Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Na Mama Kahawa, anayemimina kwa mkono mmoja na kubishana kwa mkono wa pili. Mwenye duka mwenyewe, wanamwita Waya, alikuwa amefungua redio ya mtu na kuikodolea macho tu, bisibisi sikioni. Mdogo wake alikuwa hospitalini, mchana ule apasuliwe uvimbe wa tumbo, na Waya alikuwa na hofu mpaka kahawa ilimkataa.

— Sasa tatizo liko wapi? Breki akauliza. Wewe si ndiye mwombezi mkuu kanisani kwenu? Omba.

— Kanikataza.

— Nani?

— Mgonjwa mwenyewe. Jana kanishika mkono, kaniapisha. "Kaka, usiniombee. Nimechoka kuwa ombi." Nikaapa.

— Ukaapa! Mama Kahawa akaguna. Makubwa.

Na makubwa kweli. Waombezi wa kanisa la kina Waya wana desturi ya kupokezana, kila mtu na saa yake ya kumwombea mgonjwa, kama walinzi wa lango. Zamu ya Waya ilikuwa imeangukia saa ileile ya kupasuliwa. Asipoomba, mnyororo unakatika mahali pabaya kuliko pote. Akiomba, amemvunjia kiapo ndugu yake wa tumbo moja. Tangu alfajiri alikuwa akilipindua jambo hilo kichwani, na kila upande aliougeuza ulikuwa na miiba.

— Mgonjwa hana kauli, Jaji akatamka. Yule aliyepooza kwenye Injili, wenzake wanne walitoboa paa wakamshusha na kitanda chake. Imeandikwa wapi kwamba walimwomba idhini?

— Na paa la watu nani aliliziba? Mama Kahawa akauliza.

— Hilo ni shauri jingine, mama.

— Lete basi la yule aliyelala miaka kando ya birika. Yesu si alimuuliza kwanza, "Wataka kuwa mzima?" Alimuuliza, bwana!

— Ndiyo maana wahenga wakasema, Breki akaingilia, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Hiyo inahusu nini?

— Daktari. Si anachimba, halafu anaingia?

Wakamtazama. Breki akapuliza kahawa yake bila aibu, halafu akashtuka kama mtu aliyeona njia ya mkato.

— Ngoja! Kakataza kuombewa yeye. Daktari je, kamkataza?

Waya akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu afungue duka.

— Kisheria, Jaji akasema akijiweka sawa upande wa tofali, kiapo kinamhusu aliyetajwa. Pembeni yake ni ruhusa.

Basi wakagawana hospitali. Jaji akamchukua daktari. Mama Kahawa akachukua wauguzi wote, pamoja na yule wa kulaza watu usingizi, "maana huyo ndiye mwenye funguo." Breki akachukua jenereta, na dizeli yake, na aliyetumwa kuinunua.

— Lakini daktari awe amelala vizuri, Breki akaongeza. Asiwe amegombana na mkewe.

— Namwombea na mkewe, Jaji akakubali.

— Na mkewe awe amelala pia. Kwa jirani je, kama kuna jogoo?

— Tumwombee jogoo?

— Apatwe na mafua.

— Hiyo ni laana! Mama Kahawa akafoka. Tunaomba uponyaji wa mtu, wewe unaumiza kuku?

— Mafua madogo, mama. Baadaye tunamwombea apone.

Waya akacheka bila kutaka, kisha akajionea haya kwa kucheka.

— Na kitanda? akauliza polepole. Kitanda chake naweza kukiombea?

Wakafikiri. Jaji akakuna kidevu.

— Kitanda kina mtu juu yake. Hayo maombi yatavuja.

— Shuka?

— Shuka ndiyo kabisa.

— Jamani, mimi sijui kazi nyingine, Waya akasema. Mtu akiumwa, naomba. Nimewaombea watoto wa watu, waume wa watu, hata waliosafiri na lori la huyu Breki. Leo ni damu yangu, naambiwa ninyamaze. Mkononi nibaki na nini?

— Haba na haba hujaza kibaba, Breki akamfariji, na safari hii hakuna aliyemuuliza maana yake.

Wakati huo mama mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama akingoja, pasi mbovu mikononi mwake ameiviringishia taulo.

— Habari zenu. Kumbe mna mgonjwa?

— Tunaye, Jaji akajibu. Mdogo wake fundi.

— Poleni sana. Ameamkaje?

— Anapasuliwa mchana.

— Nimesikia. Nauliza ameamkaje.

Jaji akamtazama Breki. Breki akamtazama Mama Kahawa. Mama Kahawa akakumbuka kwamba ana vikombe vya kusuuza.

Waya alihisi uso ukimwaka moto. Tangu kupambazuke alikuwa amempigia simu mchungaji, shangazi, na waombezi wote mmoja mmoja. Mdogo wake tu ndiye hakumpigia, akiogopa asije akaponyokwa na neno la sala akavunja kiapo. Sasa akaitoa simu na kupiga. Ikapokelewa haraka, kana kwamba huko ilikuwa inangojwa.

— Kaka.

— Umeamkaje?

Huko nyuma yakasikika magurudumu ya kitoroli yakipita na mtu akiita muuguzi.

— Naogopa, mdogo wake akasema. Naogopa sana, kaka.

"Mungu akulinde" ikampanda Waya hadi kwenye meno. Akaimeza, nusura imkabe, na hakujua kama kuimeza vile ni utii au ni dhambi.

— Nakuja, akasema. Nakuja sasa hivi, nikae na wewe.

— Njoo.

Akainuka.

— Na zamu yako je? Jaji akamwuliza.

— Sijui, Jaji. Kweli sijui.

Akashika njia. Breki akawainamia wenzake.

— Hiyo "nakuja" nayo imehesabiwa kuwa sala?

Mama wa pasi alibaki amesimama pale pale, maana fundi alikuwa ameshavuka barabara, na duka hakukumbuka hata kulifunga.