Shangazi na Shuka Jeupe la Kituo cha Basi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya hewa, Shangazi anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, na hata mkurugenzi humwita hivyo akijisahau mbele ya wageni.

Alianza kama msaidizi wa maabara, akasoma jioni, akawa mtafiti. Enzi hizo tulipima moshi wa uwanja wa kuchomea matairi nyuma ya kituo cha basi. Tuliandika ripoti nzuri mno, tukazifungia kabatini, tukaenda kunywa chai. Watoto wa mtaa ule waliendelea kukohoa. Kila asubuhi Shangazi alituuliza tunampimia nani.

Alipochoka kutuuliza, alichukua shuka jeupe nyumbani kwake, akalitundika kituoni ili watu waone wenyewe wanachovuta. Tulimcheka, tukasema amefungua biashara ya kufua. Siku chache baadaye shuka likawa la kijivu. Kisha asubuhi moja akalikuta jeupe pe, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Dobi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwonea huruma mama wa watu asiye na sabuni.

Shangazi alikwenda kugomba, akaishia kukaa kwenye benchi la dobi mpaka jioni, akimweleza ule uchafu ni nini na unafanya nini kifuani. Dobi naye alikuwa na mdomo. Kila aliyeleta shati alipata somo bure, na haukupita muda mtaa mzima ukaja ofisini kwetu kudai matokeo.

Wakubwa wa wakati huo hawakufurahi. Shangazi alipewa onyo kwa kutoa matokeo bila kibali, akaambiwa akiomba radhi atapandishwa cheo. Alijibu kwa upole kwamba wanaoivuta hewa ile ndio wenye matokeo. Uwanja ulifungwa. Cheo hakikuja. Sisi aliotufundisha kazi tumempita mmoja mmoja, na kusema kweli inatuuma.

Tutakikumbuka kicheko chake cha koridoni, na ripoti alizoturudishia tuziandike upya mpaka wifi yake, asiyependa kusoma, azielewe. Siku hizi hakuna ripoti inayotoka hapa bila wananchi kusomewa kwanza.

Shangazi, watoto waliozaliwa mtaa ule baada ya uwanja kufungwa sasa ni watu wazima. Hawajui kama kulikuwa na moshi, wala hawakujui wewe. Sisi tunakujua, na tunakushukuru. Tunakutakia afya tele na siku njema nyumbani, wewe na wajukuu wako.