Mama Scolastica Agustino, Aliyeilipia Nyumba Kwanza Akaibariki Baadaye

Marehemu Scolastica Agustino, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Glory, nilimwona kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 14 Januari 2006, sokoni Mbulu mjini. Nilikuwa nimeshusha gunia la maharage kutoka kijijini kwetu Nambis. Akaja mama mmoja mfupi, amejifunga kitenge juu ya sweta, akatumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko.

"Juu ni mazuri," akasema. "Na chini?"

"Na chini ni hayohayo, mama."

"Mwaga tuone."

Nikamwaga kwenye turubai. Akayaangalia yote, akataja bei ya chini sana, nami nikakubali papo hapo. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kijana, wewe hujui hata kukataa! Kwenu hakuna mtu wa kukuuzia?" Kisha akaongeza pesa mwenyewe bila kuombwa, akasema hataki maharage ya machozi.

Miezi mitano baadaye baba yangu mdogo alinipeleka kuposa kwa Mzee Hermani. Mlango ulipofunguliwa, aliyesimama pale ni yule mama wa maharage. Alinitazama, akageuka kumwambia mumewe, "Huyu namfahamu. Hajui kupatana bei, lakini gunia lake chini ni kama juu." Kwa maneno hayo nikapata mke, Glory.

Ndugu waombolezaji, najua wasifu huanza na kuzaliwa. Mnisamehe kwa kuanzia sokoni. Mzee Hermani ndiye aliyesema nisome mimi, Patriki, mkwe wake, kwa kuwa watoto wangelia njiani. Sasa nitakwenda kwa utaratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 katika kata ya Daudi, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Agustino na Mama Zita, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo. Alikulia kwenye ng'ombe, mahindi na baridi ya kule juu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kuhitimu darasa la saba mwaka 1975. Dada zake wanasimulia kwamba kila alipopewa penseli mpya aliikata katikati kwa wembe, nusu moja akaichomeka kwenye nyasi za paa. Siku ya mtihani wa mwisho, penseli ya mwenzake ilivunjika. Scolastica akamwazima ile nusu ya akiba aliyokuja nayo. Mtihani ulipokwisha, wenzake wakitoka nje wanaruka kwa furaha, yeye alikuwa amesimama mlangoni anamsubiri yule binti arudishe penseli. Hakuendelea na sekondari, ila alisoma ushonaji na upishi kwa mwaka mmoja kwa masista.

Mwaka 1979 alipata kazi ya upishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya ngano upande wa Basotu, wilaya ya Hanang. Huko aliwapikia madereva wa matrekta ugali na samaki wa ziwani kwa miaka mingi, hata upepo wa kule ulipopeperusha moto na majivu. Miongoni mwa madereva alikuwepo kijana Hermani, aliyekuwa akiomba sahani ya pili kila siku na kusema atalipa mwisho wa mwezi. Mzee Hermani amezoea kueleza, "Deni lilinizidi, ikabidi nimuoe." Na marehemu hakukosa kumjibu, "Hujalimaliza."

Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1984. Mungu aliwajalia watoto watatu: Glory, Michael na Zita. Kazi ya mashambani ilipopungua, Mzee Hermani aliajiriwa udereva serikalini, familia ikahamia Mbulu mjini kwenye nyumba ya kupanga, na marehemu akaanza kupika na kuuza chakula karibu na stendi. Alikuwa pia analima vitunguu swaumu kwenye shamba la kukodi.

Sasa nifike kwenye nyumba, maana huwezi kueleza maisha ya Mama Glory ukaiacha nyumba.

Mwaka 2010 mzee mmoja aliyekuwa anahama aliuza nyumba yake pembeni mwa mji, ya vyumba vitatu, isiyopigwa lipu. Mama na mzee walichukua mkopo benki wakainunua, na hati ikabaki benki mpaka deni liishe. Mkataba ulisema wakikosa kulipa miezi mitatu mfululizo, benki inaweza kuiuza. Marehemu alisomewa sentensi hiyo mara moja tu, na kuanzia hapo aliishi nayo kama mtu anayeishi na mbwa mkali uani.

Mwisho wa mwezi, mshahara wa mzee na faida ya chakula viliwekwa mezani pamoja, watoto wote wakiona. Utaratibu ulikuwa huu: kwanza benki, halafu unga, halafu ada, halafu Hermani. Pesa ya Hermani ilitiwa kwenye mfuko wa shati lake kwa ajili ya kijiweni, na mfuko ukiisha, umeisha. Nyama haikuingia jikoni kabla benki haijalipwa. Michael akilalamika, mama yake alimwambia, "Kaiulize benki kama na yenyewe iko tayari kula maharage."

Hakuruhusu mtu yeyote kusema "nyumba yetu". Ilikuwa nyumba ya benki. Ukitaka kutundika kalenda, unasikia sauti kutoka jikoni: "Nani anagonga msumari kwenye ukuta wa benki?" Picha yao ya harusi ilikaa chini miaka yote hiyo, imeegemea kabati. Binti yetu Tekla, akiwa na miaka minne, alimuuliza babu yake, "Babu Benki atarudi lini, tumwamkie?" Alidhani ni mzee mwenye nyumba aliyesafiri.

Mwaka 2014 ulikuwa mgumu. Mzee Hermani alianguka akavunjika mkono, akakaa bila kuendesha gari, na posho za safari zikakatika. Michael alikuwa chuoni. Mwezi wa saba benki haikulipwa. Mwezi wa nane haikulipwa. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja, na tegemeo lote lilikuwa vitunguu swaumu vilivyokuwa tayari ardhini, shambani bondeni chini kidogo ya nyumba. Vilitakiwa kung'olewa upesi kabla ya mvua, lakini hapakuwa na pesa ya vibarua, na mama peke yake na Zita wasingeweza.

Wakati huohuo, Mzee Hermani naye alikuwa na aibu yake. Kwetu mtu akiingia nyumba mpya huwaita wazee waibariki, wanywe, wale. Yeye alikuwa amekaa miaka minne bila kuwaita, na ndugu zake walikuwa wanamcheka. Basi huko kijiweni, mkono ukiwa kwenye bandeji, akawaalika wazee kutoka Nambis na Daudi waje kubariki nyumba Jumamosi tarehe 13 Septemba. Akaagiza pombe kwa mama mmoja mpishi wa pombe, akamwahidi kondoo kama malipo. Kwa mkewe hakusema neno.

Mpishi wa pombe ndiye aliyemwambia mama, siku ya Alhamisi, akidhani anajua. Glory alikuwepo. Anasema mama yake aliuliza tu, "Wanakuja watu wangapi?" Alipoambiwa ni zaidi ya thelathini, akasema, "Vizuri." Akaenda kuazima majembe kwa majirani.

Jumamosi asubuhi nilikuwepo. Wazee walifika wamevaa makoti yao ya kanisani, wakiongozwa na Mzee Margwe, kaka mkubwa wa Mzee Hermani. Mama akawapokea kwa heshima zote.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, shemeji. Tumekuja kubariki nyumba."

"Karibuni sana. Nyumba ipi?"

"Si hii hapa?"

"Hii ni ya benki, shemeji. Mkiibariki leo, baraka zote zitakwenda benki, na wao wanazo za kutosha."

Watu wakacheka. Mzee Margwe akachungulia nyuma ya nyumba, akaona mapipa ya pombe yamefunikwa. "Sasa na hii pombe, shemeji?"

"Hii ni pombe ya kazi. Vitunguu vile pale bondeni. Au siku hizi kwetu watu wanakunywa pombe ya kazi kabla ya kufanya kazi?"

Kila mmoja wetu anajua kwamba mwenye shamba akikuita kazini na pombe ikiwa tayari, huwezi kumgeuzia mgongo mbele ya watu. Mzee Margwe akamtazama mdogo wake. Mzee Hermani akatazama viatu vyake.

"Hermani," akasema Mzee Margwe, "umetuita kwenye sherehe, mke wako katukabidhi jembe!"

"Mimi mwenyewe kanipa," akajibu Mzee Hermani, akaonyesha jembe dogo la kupalilia aliloshikizwa kwa mkono mzima.

Hapo Mzee Margwe akavua koti, akalitundika kwenye mti wa ua, na wengine wakafuata. Ua wote ukawa makoti. Tulishuka bondeni, wazee wakatangulia kwa nyimbo, na mama akapita kati ya mistari akiwatania. "Shemeji, unang'oa kama unasalimia! Vuta!" Na yeye Mzee Margwe akajibu, "Wewe mwanamke, benki ikikosa kukunyang'anya nyumba, itakuajiri!" Kabla jua halijafika milimani shamba lilikuwa limekwisha, vitunguu vimetandazwa varandani na sebuleni. Ndipo pombe ikafunuliwa, na kikombe cha kwanza mama alimpa mumewe mbele ya wote. Mzee Hermani ameniruhusu kuyasema haya. Alisema, "Andika, na andika pia kwamba mgongo uliniuma wiki nzima."

Siku chache baadaye mvua ikanyesha. Vitunguu vya wengine viliharibikia shambani, vyetu vilikuwa vinakaukia ndani. Bei ikapanda, mama akaviuza kwa mafungu bila haraka, na kabla ya mwisho wa mwezi alivaa nguo ya kanisani akaenda benki, akalipa mwezi wa tisa na miezi miwili iliyopita. Mpishi wa pombe akapata kondoo wake. Na kuanzia mwaka ule wazee wa Nambis hawakukubali tena mwaliko wa Hermani kabla ya kumpigia simu mke wake kuuliza wavae nini.

Mzee Hermani alistaafu mwaka 2018. Kiinua mgongo kilipotoka, marafiki walimshauri anunue gari dogo. Mama akakipeleka benki kwanza; deni lililobaki lilikuwa dogo, hata kikalimaliza na kutosha ng'ombe wawili wa maziwa. Mwezi Februari 2019 walikabidhiwa hati. Mama aliibeba mpaka nyumbani ndani ya blauzi, akakataa hata kuiweka kwenye mkoba.

Jumamosi tarehe 27 Aprili 2019 ndipo nyumba ilipobarikiwa. Kabla wazee hawajasema neno, marehemu aliomba nyundo, akapanda kwenye stuli, akagonga msumari wa kwanza yeye mwenyewe, akatundika picha ya harusi. Ilikaa upande. Tulitaka kuinyoosha, akasema, "Iacheni, ukuta ni wangu." Mzee Margwe alisimama mlangoni hataki kuingia mpaka aulize, "Shemeji, leo hakuna shamba?" Akamjibu, "Leo kaeni, shemeji. Leo nahudumia mimi." Alichinja kondoo wawili, na wote walilipiwa taslimu.

Miaka yake ya mwisho alifuga, akafundisha wanawake wa kikundi chake kupanga matumizi ya nyumbani, na akatusumbua wakwe na watoto tuwe na bima ya afya. Mimi na Glory tulipoanza kujenga Nambis, alikuja kila mwezi kukagua, na hakuwahi kuondoka bila kukuta saruji iliyomwagika ovyo.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye madaktari wakagundua kwamba moyo umetanuka. Alitumia dawa kwa utaratibu uleule wa mshahara, za asubuhi hazikugusana na za jioni. Tarehe 5 Novemba 2025 hali ilibadilika, akalazwa hospitali. Watoto wake walimuuguza kwa zamu. Alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Novemba 2025 asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64, Glory akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, jumuiya ndogondogo na wote waliotusaidia.

Marehemu ameacha mume, Mzee Hermani. Watoto watatu, Glory, Michael na Zita. Wakwe wawili, wajukuu saba, na shemeji yake Mzee Margwe aliyefika jana wa kwanza na kuuliza kaburi linachimbwa wapi, akavua koti. Hakuacha deni kwa mtu yeyote. Mungu ampokee na ampe kiti cha kukalia, kwa sababu huku kwetu hakukaa chini.

Mimi nilimwona mara ya mwisho Jumanne jioni. Nilikuwa nimetoka Nambis, nikasimama mbali kidogo na kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Tekla. Umekuja na nini?"

"Pikipiki, mama. Ya kukodi."

Akaniuliza nauli. Nikamtajia. Akafumba macho, nikadhani nimemzidishia ugonjwa. Kisha akayafumbua.

"Umekula?"

"Bado, mama. Nitanunua kitu hapo nje."

Akatikisa kichwa kwenye mto, akaniambia polepole, "Usile hapo getini, wanauza ghali. Nenda nyumbani. Nimemwambia Zita akuwekee makande."