Papa Zéphirin, Aliyesimama Baada ya Kwaya

Tarehe 31 mwezi huu Papa Zéphirin Nizeyimana anavua koti jeupe baada ya miaka ishirini na tisa ya uuguzi katika kituo chetu. Kama mkuu wake nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ingawa moyo wangu si mweupe.

Alianzia chumba cha sindano. Wagonjwa wetu wa moyo walipoanza kutibiwa nje ya nchi na kurudi na stenti, yaani kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuwafuatilia. Stenti hupakwa dawa ili mshipa usizibe tena. Lakini mpako wa zile za zamani ulichelewesha mshipa kupona, na mgonjwa alipaswa kumeza vidonge viwili kila siku, mwaka mzima, damu isigandie humo. Papa Zéphirin aliwaeleza kwa ufupi: "Rangi ya ukuta ingali mbichi, usiegemee."

Shida ilikuwa sherehe. Mtu akirudi salama kutoka hospitali ya mbali, familia hufanya shukrani. Anashuhudia kwamba amepona, vigelegele vinapigwa, na kesho yake anaacha vidonge, maana aliyeponywa anamezaje dawa? Basi Papa Zéphirin akawa anahudhuria zote, kaalikwa hakualikwa. Kwaya ikikaa, yeye anasimama: "Mungu alisha fanya kazi yake, na weye fanya yako. Dawa inaendelea!" Kwa mzee Djibril aliyasema hayo mara tu baada ya dua, pilau ingali mdomoni. Tulimtania kwamba anafuata sahani, na kitambi chake hakikumtetea.

Shukrani moja hakwenda. Ilikuwa ya mama Mukagasana, muuza vitenge wa mtaa wa Mapendo. Papa Zéphirin aliniomba ruhusa ya Jumamosi hiyo nikamnyima, kwa kuwa tulitarajia wakaguzi. Wakaguzi wenyewe hawakuja. Mama Mukagasana alishuhudia, akaacha vidonge, na wiki ya tatu damu ikaganda ndani ya stenti. Alifariki kabla hajafikishwa kwetu. Papa Zéphirin hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Yeye alichukua kalamu. Aliwaandikia madaktari wanaowawekea watu wetu stenti, akawaeleza sherehe zetu, barabara zinazofungwa na vidonge vinavyoadimika, akaomba watuchagulie stenti zenye mpako mpya, unaoyeyuka na kuuacha mshipa upone mapema. Barua nne hazikujibiwa. Ya tano ilijibiwa. Siku hizi wengi wanarudi na stenti za namna hiyo, na baadhi yao huruhusiwa kuacha kidonge kimoja baada ya miezi mitatu tu. Tangu hapo hatujampoteza mwingine kwa njia ile. Ningetia sahihi ruhusa moja, huenda tungekuwa na mama Mukagasana pia.

Papa Zéphirin, asante sana. Nenda nyumbani kwako Lac Vert ukalime maharagwe yako, ucheze na wajukuu, na Mungu akupe uzee usio na vidonge. Usiwe na wasiwasi na Jumapili hii. Kuna shukrani ya dereva mmoja, palepale Mapendo, na kwaya ikikaa, atakayesimama ni mimi.