Kasian Komba, Aliyemwita Najma Kutoka Mbele

Marehemu Kasian Komba alizaliwa tarehe 4 Agosti 1971 huko Peramiho, Songea, kitinda mimba wa mama Sikujua. Alisoma pale pale hadi darasa la saba, mwaka 1986. Masomo hayakumpenda sana, lakini mifugo ilimpenda.

Mwaka 2004 alikuja Dubai kwa arbab Saif, yaani tajiri wake, kulea saluki, wale mbwa wembamba wa mbio. Nyumbani walicheka, ati mtu anapanda ndege kwenda kuchunga mbwa. Aliwajibu, "Njooni mwone wanavyokimbia." Na kweli ni kitu cha kuona. Gari hutangulia likiburuta sanamu ya swala, mbwa wanaachiwa, wanaifukuza kwa macho tu, si kwa pua, na wenye mbwa wanakwenda na magari kandokando wakiwahimiza.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na Angella, Mganda mfanyakazi wa hoteli kule Al Mankhool, wakajaliwa binti, Fortunate.

Sasa lile la Najma, saluki jike wa arbab. Kasian alimlea tangu hajafumbua macho. Januari 2013, mbio zake za kwanza, alimshika mstarini, na wakati wa kumwachia akamnong'oneza, "Nenda, mama." Wenzake wakatimka. Najma akageuka kumtazama anayemsemesha, na alipoangalia mbele tena, swala hayupo. Akaketi miguuni pa Kasian.

Arbab alikasirika. "Mbwa huyu anakupenda wewe kuliko swala. Akirudia, khalas, nakukatia tiketi ya kwenu."

Kasian akasema, "Arbab, kama ananifuata mimi, basi mimi niwekwe mbele."

Februari, mwenzake Sowedi ndiye aliyemwachia Najma, kimya. Kasian alikuwa kwenye gari la arbab, mbele ya mbwa, nusu ya mwili nje ya dirisha, akiita, "Njoo, mama, njoo." Najma akawapita wote. Tangu siku ile kiti cha mbele garini kilikuwa cha Kasian, na dereva wake alikuwa arbab mwenyewe.

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Ukienda kumwona hospitali, anakuuliza wewe, "Najma amekula?" Alifariki tarehe 9 Machi 2018, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Angella.

Ameacha mke, binti, kaka yake Zedekiya, na Najma, aliyestaafu, ambaye arbab amemleta leo, yuko pale getini.

Apumzike kwa amani ndugu yetu. Safari hii anayeitwa kutoka mbele ni yeye. Asigeuke kututazama.