Bakuli Nililopewa Kwenye Njia ya Baiskeli

Ndugu zangu, mama zangu, sote tuliofiwa tuliokusanyika humu ukumbini, nawasalimu, kila mtu kwa salamu ya dini yake, maana tumo waislamu na tumo wakristo, na kifo hakikutuuliza. Mimi si msemaji. Nilisoma mpaka kidato cha nne hapa hapa Likoni, halafu nikaondoka na malori, na mtu wa malori huzoea kuongea na usukani. Mkiniona natazama dirishani msidhani nawadharau. Nitasema polepole, na sitamtaja mtu jina.

Mke wangu alifariki baada ya kuugua. Wengine wenu mlikuja mazikoni. Ugonjwa sitaueleza, hayo kila mmoja wenu anayajua kwa upande wake. Nitaeleza kitu kimoja tu: chakula.

Alipoondoka, chakula kilinikataa. Niko nyumbani kwangu Shika Adabu, naweka sahani, natia tonge mdomoni, tonge linazunguka kama nguo ndani ya beseni, halishuki. Maji yalishuka. Chai ilishuka. Cha kutafuna, la. Nikasema ni huzuni, itapita. Haikupita. Suruali zikaanza kuteremka, nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Daktari akanipima kila alichoweza kunipima, akasema, "Mzee, ugonjwa sioni. Kula." Nikamjibu ndiyo. Ndiyo ni rahisi.

Dada yangu mdogo anakaa Magongo. Akawa ananipigia simu kila siku. "Kaka, hamia kwangu. Utakufa humo ndani, nani atajua?" Nikamwambia nitafikiria. Wallahi, nilichokuwa nafikiria ni kurudi kwenye malori, nipotelee Kampala au Juba huko, yaishe. Miguu yangu ina tabia hiyo tangu ujana. Marehemu alikuwa akinicheka: "Wewe siku ukifa utazikwa miguu imechomoza."

Asubuhi moja nikatoa baiskeli ya zamani iliyokuwa nyuma ya mlango wa stoo, nikaijaza upepo, nikaondoka bila kujua naenda wapi. Nikajikuta kwenye ile njia ya pembeni mwa barabara mpya ya Dongo Kundu, wanayopita wenye baiskeli na wanaokimbia. Mimi nilipajua pale kabla ya lami. Palikuwa na mashamba ya mihogo na kijia cha kwenda kisimani, na mama yangu akinituma nilikuwa nachelewa kurudi kwa kufuata vipepeo. Sasa wanapita watu wa Changamwe na kofia ngumu kichwani na suruali za kubana. Na penye watu wa kupita, wauza chakula hawakosi. Mahamri na mbaazi mwanzoni kabisa, ukiingia tu. Mbele kidogo viazi karai na ukwaju. Kisha madafu. Kisha mihogo ya kukaanga, wanaipasua katikati na kuipaka pilipili na ndimu.

Nikasimamisha baiskeli kwenye viazi karai, sikushuka, mguu mmoja chini. Nikatia kimoja mdomoni. Kikashuka.

Ndugu zangu, nawaambia, nilisimama pale kama mtu aliyeokota kitu akiogopa mwenyewe atatokea. Nikala cha pili. Njiani naendesha nikaelewa. Nusu ya umri wangu nimekula barabarani kwa kusimama. Chakula cha barabarani hakikumjua mke wangu. Hakikuniuliza mwenzako yuko wapi.

Basi nikawa mtu wa njia ile. Kila asubuhi. Mshipi ukaacha kudai matundu. Lakini mnatujua sisi watu wa Pwani, salamu zetu zina mwendo. Siku ya kwanza ni habari yako tu. Siku ya pili, umeamkaje, jua la jana ulilionaje. Ukizoeleka kidogo, inafika: "Wa nyumbani hawajambo?" Na jibu ni moja, hata nyumba ikiwa inaungua. Hawajambo. Nikijibu hivyo, chakula pale kinakwisha ladha. Kesho yake napita mbio nimeangalia mbele, natafuta mahali pengine.

Mama wa mahamri nikamuacha hivyo. Wa viazi nikamuacha. Mwenye madafu aliuliza mapema mno, sikumaliza hata dafu lenyewe. Wa mihogo naye akauliza. Njia ikawa ndefu kwangu kila wiki, maana pa kula palinisogea mbele. Mwisho nikavuka daraja refu, na ng'ambo kukawa na mahali pamoja tu: kibanda cha mabati, benchi moja, na mama mmoja anapika vitumbua. Baada yake ni lami na mikoko. Huyo akiuliza, mimi sina pa kula tena.

Ahsante Mungu, yeye hakuwa mtu wa salamu. Alikuwa mtu wa kuchokoza.

"We kaka, kwani huna makalio? Keti!"

"Naharakisha, dada."

"Unaharakisha na baiskeli hiyo? Hiyo hata kobe anaipigia kengele. Au benchi langu lina kunguni?"

Wenye kofia ngumu wakacheka. Mmoja, wa bara kwa ulimi wake, akanisogezea nafasi. "Keti buda, hatukuli."

Sikuketi. Nilikula nimesimama, nikaenda zangu. Kesho tena. Vile vitumbua, ndugu zangu, vina iliki ya kutosha na pembeni vimekauka kidogo hivi. Nilimpenda mama yule kwa vile haulizi.

Mpaka siku aliyouliza. Amenipa mgongo, anageuza vitumbua, wala hakuwa na nia yoyote. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema. "Wakusalimu."

Hiyo wakusalimu sijui ilitoka wapi. Ni adabu tu, ulimi ulikwenda nayo wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi. Mama akageuka, uso umefunguka.

"Wanisalimu? Hatujaonana na mkeo ananisalimu! Huyo ana malezi, si kama wewe." Akainama chini ya meza, akatoa bakuli la maua lenye kifuniko, akalijaza vitumbua vya moto. "Mpelekee. Mwambie akila asikusahau na wewe, umekonda. Na bakuli langu nalitaka, ni la seti."

Ningesema nini, mbele ya watu wote wale? Nikalifunga kwenye keria kwa mpira, nikarudi daraja zima nikisikia kifuniko kinagonga.

Vitumbua nikavitoa sadaka kwa majirani, kwa jina la marehemu. Bakuli nikaliosha, nikaliweka mezani. Likakaa. Kwenda kwa yule mama siwezi, na kwingine kote nimeshajifungia. Nikajaribu upande wa Shelly Beach, nikakuta meza za watu wawili wawili zimetandikwa vitambaa. Nikarudi na njaa. Siku zikapita hivyo, nikaanza kuona kizunguzungu hata nikiinuka kitandani. Siku moja nilikaa kwenye ukingo wa njia, kichwa kati ya magoti, baiskeli imelala pembeni, na waendeshaji wananipita wakidhani napumzika. Sijawahi kuwa peke yangu kama pale, na nimelala porini kwenye lori mara nyingi.

Nilipofika nyumbani nikampigia dada. Nilitaka amtume mtu alirudishe lile bakuli, basi, nilipe kisogo. Nikamweleza yote.

"Umelitia nini?" akauliza.

"Sijalitia kitu. Si nalirudisha safi?"

"Kaka! Chombo cha watu kinarudi kitupu tangu lini?"

"Dada, aliyepelekewa vitumbua amekufa."

Nilisikia anavuta kamasi. Kisha akasema, "Kwa huyo mama, wifi bado yu hai. Usimwaibishe."

Akakata simu.

Jikoni sikuwa nimeingia zaidi ya kuchemsha maji. Kila kitu kilikuwa alivyokiacha. Nikaloweka mbaazi, kwa sababu mbaazi ndizo alizosifiwa nazo mtaa mzima. Asubuhi yake nikaketi kwenye mbuzi yake, nikakuna nazi. Ile mbuzi ni fupi kwangu, magoti yalinifika kidevuni. Nikachuja tui, nikakata kitunguu, nikatia manjano, nikafanya nilivyokumbuka kumwona kutoka mlangoni siku nilizokuwa nyumbani, na siku hizo, ndugu zangu, hazikuwa nyingi.

Sasa mpishi lazima aonje. Huwezi kumpelekea mtu chakula hujui chumvi yake. Nikatia kijiko mdomoni. Chumvi hakuna. Nikaongeza, nikaonja. Bado. Nikaongeza pilipili, nikaonja. Tena. Sikuwa nafikiria kula, nilikuwa nafikiria jina la mke wangu lisije likasemwa huko ng'ambo ya daraja. Ghafla nikashtuka kwamba natafuna. Niko ndani ya nyumba yangu, nimekaa, natafuna, na inashuka.

Nililia palepale na kijiko mkononi. Kisha nikaonja tena.

Nikajaza bakuli, nikalifunga kwa leso yake, nikavuka daraja. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akafungua, akachovya kidole, akaonja, akanitazama.

"Hizi hakupika mwanamke."

Watu benchini wakaanza kucheka.

"Tui limekatika lote! Umetia tui zito mwanzo, kaka, ukalichemsha kama maji ya kuoga. Mkeo yuko wapi akakuachia sufuria?"

Nikasema. Kwa mara ya kwanza nikayatamka kwa mtu asiyejua. "Alitangulia mbele ya haki. Siku ile nilikudanganya kwa adabu, nisamehe."

Kicheko kikakatika. Mmoja akasema inna lillahi, yule wa bara akavua kofia. Mama hakulia, wala hakunipa pole. Alilitazama bakuli. Kisha akachukua sahani mbili, akagawa mbaazi zile, vitumbua juu yake, akaziweka benchini.

"Keti," akasema, na sauti haikuwa ile ya uchokozi. "Amenisalimu, na mimi nakila chakula chake. Keti tule."

Nikaketi.

Hapo ndipo ilipogeuka, na sina kubwa zaidi la kuwaonyesha. Namshukuru mama yule, ambaye mpaka leo ananisahihisha mapishi mbele ya watu. Namshukuru dada yangu kwa kunikatia simu. Upweke upo. Jioni nyumba ni kimya mpaka nasikia friji. Malori nayasikia usiku na miguu inawasha. Lakini nakula humo ndani, sahani moja, na nimekaa.

Funzo langu ni dogo, na majirani zangu mliomo humu msinichukie. Siku za matanga hamkuninyima. Mliniletea pilau, samaki, kila kitu. Ila mlileta kwenye vile vyombo vyepesi vya kutupa, mkaniambia, "Usijisumbue kurudisha." Ilikuwa huruma. Nikavitupa, na hapakuwa na mlango hata mmoja niliolazimika kuubisha.

Mfiwa mpelekeeni kwenye bakuli lenu zuri. La seti. Mwambieni mnalitaka. Akikaa nalo siku nyingi, nendeni mkalidai.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.