Mzee Wanjohi na Taa ya Upande wa Dereva

Tarehe 30 Juni 2016 Mzee Wanjohi anavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita katika ghala letu la vipuri vya magari ya kale hapa South End, Louisville. Mimi, Mama Yoeli wa meza ya tatu, nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu wote waliosoma walisema wana kazi nyingi. Binti yangu amenirekebishia herufi kubwa. Makosa mengine ni yangu, myaache yalivyo.

Mzee alitoka Nyeri kuja kusomea uhandisi. Akaingia ghalani kutafuta kazi ya likizo, akaona rejeta ya shaba imelala kwenye vumbi, akaanza kuipangusa. Likizo hiyo ndiyo inaisha leo.

Sisi tukipata siku ya mapumziko tunalala. Yeye huenda kuchokoa vyuma kwenye mabanda ya watu. Kipande kwa kipande ameunda gari la mwaka 1912, la kiwanda kimoja cha Buffalo kilichofungwa kabla yeye hajazaliwa. Alipigia simu maktaba, akawasaka wajukuu wa mafundi, mpaka akajua rangi ilipakwa ghorofa ya ngapi na gari likiisha lilitokea mlango upi. Wakati wa chai tumesikia habari za mlango huo hadi Jovini, mwenzetu wa meza ya tatu, akawa anamuuliza kama mlinzi wa mlango hajambo.

Nia ya Mzee ilikuwa moja: kabla hajastaafu, gari lile lipite tena kwenye mlango ule. Baada ya hapo anahamia Columbus kwa binti yake Emmah, ambako hakuna gereji, na gari ameshaliahidi makumbusho. Kilichokosekana ni chuma cha kushikia taa ya pembeni, upande wa dereva. Bila hicho hakubali kusafiri. Alisema mtoto harudishwi kwao na jicho moja.

Alikitafuta miaka. Akaagiza kwa wauzaji wa Columbus, akasisitiza "upande wa dereva", wakamletea cha kushoto. Akaagiza tena. Cha kushoto.

Hapa lazima niseme habari za meza yetu. Mzee amekulia Kenya, mimi na Jovini tumekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko dereva anakaa kulia. Basi zamani, kila kipuri cha kulia tulikifunga kwenye karatasi, tukaandika juu yake DEREVA, tena kwa mwandiko mzuri. Wateja wakarudisha mizigo mpaka bosi akatoa amri: chochote kilichoandikwa na meza ya tatu kisomwe kinyume. DEREVA maana yake ABIRIA. Tangazo hilo alilibandika Mzee mwenyewe, na alilinyoosha vizuri.

Mwezi wa nne mimi nikaanza kumwonea huruma, na nikianza huruma sinyamazi. Nikamuuliza kwenye gari hilo atakaa wapi. Akasema kulia. Nikapiga kelele, "Mzee! Kulia, Marekani hii? Utagongwa, Emmah atatuambia nini?"

"Mama Yoeli, tulia. Magari mengi ya hapa enzi hizo yalikuwa hivyo. Dereva alikaa kulia kama kwetu."

Halafu akageuka kulitazama lile tangazo la bosi. Akavua miwani. Jovini akaacha kutafuna.

Chini ya meza yetu kulikuwa na sanduku la vipuri tulivyovifunga zamani, kabla ya ile amri. Mzee alishalipekua mara nyingi. Kila akiona DEREVA alijiambia, hiki ni cha abiria, akakirudisha. Siku hiyo tulifungua kila karatasi. Chuma chake kilikuwemo, na mwandiko ulikuwa wake. Jovini akamwambia, "Mzee, ulichokuwa unakitafuta Columbus ulikuwa unakipiga teke kila siku." Tulicheka mpaka bosi akatoka ofisini.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulilivuta gari kwa treila hadi Buffalo. Mlango bado upo, siku hizi ndani wanatunza samani. Mzee akakaa kulia, taa zote mbili mahali pake, akawasha, akasogea kama askofu. Hatua chache kabla ya mlango injini ikazimika. Ikabidi tusukume, mimi na Jovini na dada yangu Florida anayeishi East Side ya huko Buffalo, ambaye alikuja kupiga picha tu. Florida akafoka, "Mmetoka Louisville kote huko kuja kunisukumisha bati?"

Likapita. Mzee alikuwa anafuta macho, akasema ni moshi. Injini ilikuwa imezimika.

Mzee Wanjohi, asante kwa kutuvumilia na kwa kukosea pamoja nasi. Uende Columbus salama, Emmah akupe chai ya maziwa ya kutosha, na Mungu akujalie siku nyingi zenye afya na magoti yasiyouma. Meza ya tatu tunakupenda.