Kioo cha Ngazini

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona inayotazamana na ghorofa la rangi ya maziwa yaliyochacha. Ghorofa hilo lina ufa. Umeanzia mlangoni, ukapanda ukuta wa ngazi kama mtu anayejua anakokwenda. Mwanzoni mwa mwaka mkaguzi wa manispaa alibandika kipande cha kioo juu yake, chenye upana wa vidole viwili, ncha moja upande huu wa ufa, ncha ya pili upande ule. Akasema maneno machache: kioo hiki kikipasuka, ujue jengo linatembea, na wote mtatoka. Leo amerudi. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akamulika kwa tochi, akaona kioo kizima, akaondoka na pikipiki yake. Tangu aondoke, kijiwe hakikaliki.

Aliyeanza ni kinyozi. Saluni yake iko chini ya ghorofa hilo, na tunamwita Waziri kwa sababu tangu tumjue hajawahi kukiri kosa.

– Nilisema mimi, mkanicheka. Jengo limetulia. Lilikuwa linatafuta namna ya kukaa, sasa limeipata.

– Linatafuta namna gani na lipo hapo tangu hatujazaliwa? akauliza Shangazi, muuza kahawa. Si shangazi wa yeyote pale, lakini hakuna anayethubutu kumwita vingine. Jiko lake na vyombo vyake vinalala chini ya zile ngazi.

– Shangazi, wewe ukikaa kwenye kiti, si unajigeuzageuza kwanza?

– Najigeuza. Lakini sipasuki.

Tukacheka. Sindano, fundi cherehani, alicheka kidogo kuliko wengine. Anaishi mle, ghorofa ya pili, na mama yake, ambaye miguu yake imegoma tangu mwaka jana. Hashuki ila kwa kubebwa.

– Mimi naona ni maji, Sindano akasema. Bomba la juu lilikuwa linavuja, likaacha. Ukuta umekauka, ukajifunga. Kama kidonda.

– Kidonda cha zege!

– Zege nalo lina mwili wake, Waziri.

– Hamna lolote, akasema Shangazi huku akimimina. Ni jiko langu. Joto lake linapanda ukutani kila asubuhi. Ukuta umepikwa, umeiva. Nyinyi mnakunywa kahawa, nyumba inakunywa dawa.

– Basi tukulipe na ada ya udaktari!

– Mngekuwa na shukrani, mngeshalipa.

Waziri akasimama. Akisimama, ujue hoja inakuja na miguu yake.

– Nisikilizeni. Ni aibu. Lile jengo limeitwa bovu mchana kweupe, mbele za watu. Nani hapa ataitwa mbovu hadharani asijikaze? Limejikaza!

– Kwani lina masikio?

– Lina milango yote ile, litakosaje masikio?

Walikuwa wanasema kwa bidii ya ajabu siku hiyo, kila mmoja akiitetea hoja yake kama anatetea nafsi. Mimi ninayekaa ng'ambo ya barabara, nisiye na chumba wala duka mle ndani, nikauliza kwa nini manispaa isilitengeneze tu, tukaacha kubahatisha.

– Litengenezwe kwa jina la nani? Waziri akajibu, akakaa. Mwenye nyumba alishakufa. Watoto wake wanaburuzana mahakamani. Manispaa inaogopa kugusa mali ya mtu, inaogopa kutufukuza, inaogopa kutuacha. Ndiyo maana ikabandika kioo.

– Na ikilifunga? nikauliza tena.

Sindano ndiye aliyejibu, akiwa anatazama kikombe chake.

– Lile la mtaa wa nyuma mliliona. Walipiga rangi nyekundu mlangoni, wakafunga mnyororo, wakaenda zao. Watu wakabaki kando ya barabara na magodoro na masufuria, mvua ikawakuta hapo hapo. Hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Mimi mama yangu nimpeleke wapi? Kila chumba ninachokwenda kuuliza, wakisikia mgonjwa, kimeshachukuliwa.

Hapo hakuna aliyetania.

Dada yake Sindano alikuwa amefika jana kwa basi, kuja kumwangalia mama wiki mbili. Sasa alitokea mlangoni ameshika ufagio na kizoleo cha taka, kanga imefungwa kiunoni, akavuka barabara hadi kwetu.

– Hamjambo wote? Kaka, nimefagia chini ya ngazi. Nani huvunja vioo mle?

Akakiweka kizoleo juu ya ubao, katikati ya vikombe. Kilikuwa kimejaa vipande.

– Vilikuwa nyuma ya pipa, kwenye kona ya giza. Hivi vyembamba navijua. Picha ya baba pale ukutani haina kioo. Nilidhani mama ameidondosha.

Sindano alijipangusa uso kwa kiganja.

– Kilipasuka wakati wa mvua, dada. Nilikikuta nikishuka kwenda kazini. Nikakata kingine kutoka kwenye picha, nikabandika kabla mtu hajaona. Ningefanyaje? Mara moja tu.

– Na hivi vizito, vyenye rangirangi nyuma?

Waziri akakohoa.

– Hicho kilikuwa kioo cha saluni. Nilikwangua mgongo wake kwa wembe mpaka kikapitisha mwanga. Kazi ya asubuhi nzima.

– Waziri! Sindano akaruka. Wakati gani?

– Wakati wa joto lile kali. Nilijua wewe hujui. Nikasema, wacha nimsitiri mama yako. Na saluni yangu pia, sikatai.

– Mimi nilibandika wakati wa mvua!

– Nimekusikia.

Shangazi alikuwa ameshaweka birika chini. Akachukua kipande chenye ubuluu kwa mbali, akakigeuza.

– Hiki ni cha mlango wa kabati langu, akasema taratibu. Nilidhani mwenye akili mtaani ni mimi peke yangu.

Walitazamana. Kwa miezi yote hiyo kila mmoja alidhani anaificha manispaa, kumbe walikuwa wanafichana wao kwa wao, kila mtu akishika gundi yake gizani na kujipongeza.

Dada hakupandisha sauti.

– Kwa hiyo kimepasuka mara ngapi?

Waziri akaanza kuhesabu kwa vidole.

– Mimi mara moja. Haya, mbili. Lakini kile nilichokikuta mara ya pili sikukibandika mimi. Sasa kilikuwa chako, Sindano, au...

Sindano hakuwepo tena. Tulisikia miguu yake kwenye ngazi, akiruka vidato. Waziri akatupa kikombe na kumfuata, nami nikamfuata Waziri. Tulimshusha mama akiwa kwenye kiti chake, kiti kikigonga ukuta kila kona, na kila kikigonga, sote tunasimama na kusikiliza.

– Mnanipeleka wapi na nguo za ndani ya nyumba? akauliza.

– Kupunga hewa kidogo, mama.

– Waongo nyinyi. Hewa gani inahitaji wanaume watatu?

Tulipofika nje, Shangazi alikuwa na simu mkononi, sauti imefunguliwa ili wote tusikie.

– Bwana mkaguzi, kile kioo kimepasuka.

– Haiwezekani, mama. Nimekiona leo, kizima.

– Ulichokiona ni cha kabati langu.

Akamweleza yote, bila kujitetea. Waziri aliinamisha kichwa wakati jina lake linatajwa, na hilo nalo halijawahi kutokea.

– Tokeni, mkaguzi akasema. Wote. Gongeni kila mlango. Msirudi hata kuchukua godoro.

Sindano na Waziri walishaanza kukimbia kugonga milango. Shangazi akaendelea kushika simu.

– Tunatoka, baba. Lakini hapa nina mama mzee kwenye kiti, na nyuma yake wanakuja wengine na watoto. Tuwapeleke wapi?

Kule upande wa pili wa simu kiti kikasogezwa. Mtu akaulizwa jambo, akajibu kwamba hilo si la ofisi yake. Mwingine akaulizwa.

– Mama, usikate simu, mkaguzi akasema. Subiri kidogo.

Tukasubiri. Jua lilikuwa kali, na kivuli pekee pale nje kilikuwa cha lile ghorofa. Mama alikuwa amefumba macho humo kivulini, ametulia. Dada akakishika kiti kwa nyuma, akakivuta polepole hadi juani.